MASWALI YA WASOMAJI: Terre'Blanche alikuwa shujaa wa wakulima?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mwenzangu kazini anatuonyesha kwenye simu picha za kaburu mwenye ndevu amepanda farasi, Eugène Terre'Blanche. Anasema ni shujaa aliyewatetea wakulima wazungu wa Afrika Kusini hadi akauawa. Ni kweli? Na kama wafuasi wake walikuwa wachache, mbona aliogopwa?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza, hasa wewe unayeishi jirani na Mazimbu, ambako vijana waliowakimbia makaburu walisomeshwa na baadhi yao wakazikwa.

Terre'Blanche alizaliwa Ventersdorp mwaka 1941, akawa polisi, kisha mkulima. Mwaka 1973 yeye na wenzake sita walikutana kwenye gereji mjini Heidelberg wakaanzisha AWB, kundi la makaburu wenye siasa kali, kwa sababu waliona hata serikali ya kibaguzi imelegea mno. Bendera yao, yenye tarakimu 7 tatu zilizounganishwa, inafanana sana na ile ya Hitler. Mwaka 1979 walimvamia Floors van Jaarsveld, profesa wa historia, kaburu mwenzao, wakampaka lami na manyoya mbele ya watu kwa sababu maoni yake kuhusu sikukuu yao hayakuwapendeza.

Aliogopwa kwa sababu alijua kuhutubia na wafuasi wake walikuwa na bunduki. Juni 1993 walivunja vioo vya jengo la mazungumzo Kempton Park kwa gari la deraya, wakati wajumbe wakijadili katiba mpya ndani.

Kilichomwangusha ni yaliyotokea Mmabatho, mji mkuu wa Bophuthatswana, Machi 1994. Bophuthatswana ilikuwa moja ya maeneo ambayo serikali ya kibaguzi iliwatengea watu weusi, na mtawala wake, Lucas Mangope, alikuwa anapinduliwa na wananchi wake. Jenerali Constand Viljoen, mkuu wa zamani wa jeshi la Afrika Kusini, alileta watu wake kumsaidia, na AWB wakajileta, ingawa hawakutakiwa. Walipita mitaani wakiwafyatulia risasi watu weusi kutoka kwenye magari yao. Wanajeshi na polisi wa Bophuthatswana wakawageuka. Mercedes moja ya AWB ilisimamishwa kwa risasi. Wanaume watatu wakawa chini, mmoja akiomba msaada, waandishi wa habari wakipiga picha. Askari polisi akawamaliza hapohapo. Mauaji yale siyasifu, lakini dunia nzima iliona kwamba lile jeshi la kutisha halikuwa jeshi. Viljoen akajitenga nao, akaingia kwenye uchaguzi wa Aprili, wa kwanza kuwahusisha watu wa rangi zote. Wafuasi wa AWB wakatega mabomu, wakaua watu Johannesburg na Germiston, na uchaguzi ukafanyika vilevile.

Sasa huo utetezi wa wakulima. Mwaka 1996 huyu bwana alimpiga mlinzi mweusi, mtu aliyewahi kumfanyia kazi, akamwachia ulemavu wa ubongo. Alimshambulia pia mfanyakazi wa kituo cha mafuta. Mahakama ilimtia hatiani, akafungwa, akatoka 2004. Kila nikisoma kesi ile roho inaniuma, kwa sababu wale hawakuwa wanasiasa wala askari. Walikuwa watu wa mshahara mdogo.

Aliuawa shambani kwake tarehe 3 Aprili 2010. Ulikuwa uhalifu, na mwaka 2012 mfanyakazi wake mmoja alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwenzako akikuonyesha tena ile picha ya farasi, mwulize kama anajua habari za yule mlinzi.