Re: Rekodi zangu za mwanzo, nisafishe au niache?

Mkuu, umeuliza kama uondoe mvumo wote kwenye kaseti ulizorekodia chumbani enzi zile kabla hujawasikilizisha wenzako. Ningekuwa wewe, ningezihamishia kwanza kwenye kompyuta zilivyo, kwa biti 24 (kipimo cha ubora wa sauti ya kidijitali), nakala hiyo isiguswe tena. Uchakachuaji wote fanyia kwenye nakala ya pili.

Angalia pia ulirekodia mashine gani. Kama ni ya njia nne, yaani inayorekodi sauti nne tofauti sambamba kwenye utepe mmoja, mfano TASCAM Portastudio 144 ya mwaka 1979, ile ilikimbiza utepe mara mbili ya kasi ya kaseti ya kawaida, ambayo ni sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukiipiga kwenye redio kaseti utasikia njia mbili tu, na sauti yako itakuwa ya jitu lenye usingizi. Wengi hudhani kanda imeharibika, kumbe wapi!

Mvumo wenyewe punguza kidogo tu. Kwenye zangu kuna kiti kinachokwaruza sakafu kabla ya ubeti wa pili, halafu navuta pumzi. Programu ilifuta kiti, ikaondoka na pumzi pia. Nikarudisha vyote viwili.