Wasomaji Wanauliza: Herufi s na Karai la Samaki

SWALI: Nafundisha darasa la awali Tanga mjini. Wiki ya herufi s nilichagua mada ya samaki, maana watoto wengi wanaishi karibu na soko la Deep Sea. Walichora samaki, wakapaka rangi, wakaimba. Ijumaa nilipoonyesha herufi peke yake, zaidi ya nusu hawakuitambua. Tatizo liko wapi? (Mwalimu, Chumbageni)

JIBU: Mwalimu, mada ni nzuri, lakini jiulize kila mtoto alitamka "sss" mara ngapi wiki nzima. Kupaka rangi kunazoeza mkono, sauti haimo humo. Tena mada hii ina mtego wake: mtoto wa Tanga ukimwambia ataje samaki atakutajia changu, kolekole, nguru na pweza, na hakuna hata mmoja anayeanza na s. Wanaokufaa ni songoro na sulisuli. Basi samaki wabaki, ila kila mchezo uitoe sauti mdomoni mwa mtoto.

Anza na sikio kabla ya jicho. Tafuta karai la kukaangia, safi na la baridi, na kikapu kilichofunikwa kanga. Ndani ya kikapu weka vitu sita vya s: sabuni, sahani ya plastiki, soksi, simu mbovu, sumaku kubwa na sufuria ndogo. Changanya na vitatu visivyo vya s, kama embe, kijiko na limau. Mtoto anachomoa kitu, anakitaja. Kikianza na "sss" anakitia karaini na darasa zima linalia kama samaki aliyeangukia mafuta ya moto: sssss. Kisichoanza na s kinabaki mkekani, kimya. Dakika kumi zinatosha, na watoto kumi kwa zamu moja. Wakizidi hapo, wa nyuma wanaanza kusukumana.

Tamka "sss" tupu, si "es" wala "su". Anayejifunza "es" atakwama akiambiwa aunganishe na a, kwa sababu "es-a" haizai "sa".

Usiweke shanga, shati wala shuka. Kwenye maandishi yanaanza na s, lakini sikio linasikia sauti nyingine, na mtoto akiuliza kwa nini shati halikaangwi atakuwa na haki. Sh ingoje mpaka s ikae vizuri. Stuli na swala pia ziache kwa sasa, kwa sababu s imegandamana na konsonanti nyingine. Vitu halisi ni bora kuliko picha: sufuria ya kuchorwa mmoja ataiita chungu, mwingine bakuli, na mchezo unageuka ubishi.

Siku ya pili lete umbo, na hapa Tanga ina neema yake: katani. Kata boksi gumu la sentimita 15 kwa 20, andika s yenye urefu wa sentimita 12, paka gundi juu ya mstari kisha ulaze kamba nyembamba ya katani. Gundi pika mwenyewe: koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi madonge yaishe, mimina kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka huku ukikoroga, epua ikianza kung'aa. Pika kidogo kidogo, kwa joto letu inachacha upesi, na mende wanaipenda. Acha kadi zikauke usiku kucha chini ya kitu kizito, ukitanguliza karatasi ya nailoni. Punguza ncha za katani kwa mkasi, la sivyo zitachoma vidole. Weka nukta ya kijani pale s inapoanzia, juu kulia. Mtoto apitishe vidole viwili mara tatu, akivuta "sss" toka mwanzo hadi mwisho. Jicho, kidole na sauti vikienda pamoja, herufi inashika.

Samaki wa kupaka rangi mwachie Ijumaa.

SWALI: Mwanangu ana miaka minne na nusu. S anaiandika imegeuka, kila mara. Asubuhi yuko chekechea, jioni yuko chuoni (madrasa) anasoma alifu. Je, Kiarabu kinamchanganya? Nimtoe? (Mama, Ngamiani)

JIBU: Usimtoe, mama. Kugeuza herufi ni kawaida hadi karibu miaka saba, hata kwa mtoto ambaye hajawahi kuiona alifu. Mpaka sasa amejua kwamba kikombe ni kikombe, kishikio chake kiwe kulia au kushoto. Herufi ndiyo kitu cha kwanza kinachobadilika kikigeuzwa. Na s ni korofi zaidi, kwa sababu kalamu inaanza kulia na kuelekea kushoto, wakati herufi nyingi alizokwisha zoea zinaanzia kushoto.

Mfunge uzi mkono wa kushoto, umwambie: "Anza kwenye nukta, nenda upande wa uzi, zunguka, rudi, zunguka tena." Aandike kubwa kwanza. Chukua sinia pana, mimina vikombe vitano hivi vya mchanga uliochekechwa, kina kisizidi sentimita moja. Mchanga ukijaa sana kidole hakifiki chini na mstari unajifukia. Ukiwa mkavu sana, nyunyiza maji kidogo. Penseli ifuate baadaye. Akigeuza, usiweke alama ya kosa. Weka nukta upya, aandike pembeni.

SWALI: Nina watoto 64 na chumba kimoja. Nataka kufanya mchezo wa kuvua herufi. Nitaupangaje, na sumaku nipate wapi? (Mwalimu, Muheza)

JIBU: Sumaku ipo nyuma ya spika mbovu, kwa fundi redio. Chukua ile nene ya duara. Sumaku ndogo za kuchezea zisiingie darasani kabisa: mtoto akimeza mbili zinaweza kuvutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Ifunge kwa kamba ya katani kwenye fito ya nusu mita. Kata samaki 20 wa manila, kila mmoja na kibanio cha chuma mdomoni. 12 waandike s, wanane herufi wanazozijua tayari, kama a na m. Anayevua lazima atamke sauti ndipo samaki awe wake.

Kwa 64, vua na kundi moja la watoto 12 au 13 kwa siku, wiki nzima. Wengine wachore s kubwa chini, uani, kwa vijiti. Ndoano mbili zinatosha. Zikizidi, kamba zinasukana.

SWALI: Baada ya s niende moja kwa moja kwenye herufi mpya? (Mlezi wa watoto, Pangani)

JIBU: Hapana, iunganishe kwanza na irabu: sa, se, si, so, su. Kama m wanaijua, tayari wanasoma sasa, sisi, simu, sima na simama. Neno "samaki" lisubiri k. Ukiliandika ubaoni mapema watalikariri kama picha, nawe utadhani wanalisoma.