Mwendesha mashtaka si naibu wa mwalimu mkuu

Tangu moto ulipoua wavulana 21 katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, Kenya, mwezi Septemba 2024, barua zinazofika katika safu hii kuhusu usalama wa shule zimebadilika. Zamani wasomaji waliuliza juu ya walinzi na nyua. Siku hizi wanauliza juu ya mahakama. Toleo hili tunajibu barua nne zinazohusu ushirikiano kati ya shule na afisi za mashtaka. Majina ya waandishi na ya shule zao tumeyaacha.

*Swali: Bodi ya usimamizi ya shule yetu ya bweni inataka tutie saini makubaliano na afisi ya mashtaka ya kaunti. Wanachama wanatumaini kwamba mwendesha mashtaka atakuja kuwatisha wanafunzi kabla ya muhula wa pili, ambao ndio muhula wetu wa migomo, na kwamba kukitokea uharibifu wahusika watashtakiwa mara moja. Je, sheria inaruhusu? Na tuanzie wapi? — Mwalimu mkuu, Kitui*

Mwalimu mkuu, makubaliano yanaruhusiwa, ila si kwa madhumuni hayo mawili. Kifungu cha 157 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hahitaji idhini ya mtu yeyote ili kuanzisha kesi, wala hapokei maagizo ya mtu yeyote katika kazi yake. Kwa hiyo mwendesha mashtaka wa kaunti, anayefanya kazi kwa niaba ya Mkurugenzi huyo, hawezi kuiahidi bodi yako kwamba mwanafunzi fulani atashtakiwa, na vilevile hawezi kuahidi kwamba mwalimu fulani hatashtakiwa. Karatasi yoyote yenye ahadi kama hiyo ni afadhali isitiwe saini. Kuhusu hotuba ya vitisho, maoni yangu ni kwamba ni kupoteza asubuhi ya watu wengi: mvulana anayepanga mgomo hakosi kujua kwamba kuna jela, anachoamini ni kwamba hatajulikana.

Faida ya kweli iko mahali ambapo bodi nyingi hazitazami, yaani katika saa chache za kwanza baada ya tukio. Kesi nyingi za shuleni hazifi mahakamani. Hufa shuleni, kabla polisi hawajafika. Bweni likiungua upande mmoja, mtu anaamuru lifagiliwe ili wazazi wasikute aibu. Simu zilizonaswa zinarundikwa katika droo moja bila kuandikwa ni ya nani, ilipatikana wapi na nani aliishika. Picha za kamera ya usalama zinaachwa hadi mtambo unapozifuta wenyewe, kisha anayebaki nazo ni askari wa lango aliyezirekodi kwa simu yake kutoka kwenye skrini. Sheria ya Ushahidi inataka ushahidi wa kielektroniki uandamane na cheti cha mtu aliyehusika na mtambo huo, na ule mkanda wa askari wa lango unapingwa kwa urahisi na wakili yeyote aliye macho.

Kibaya zaidi ni yale maungamo ya chumba cha walimu. Wanafunzi huitwa mmoja mmoja usiku, huchapwa au hupigishwa magoti, kisha huandikishwa karatasi ya kukiri. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi hakiyakubali maungamo ya mshtakiwa isipokuwa yametolewa mahakamani, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kilichowekwa ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Karatasi ya chumba cha walimu haifikii hata nusu ya masharti hayo. Juu ya hayo, kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinaharamisha adhabu ya viboko na mateso ya kiakili, na anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili. Nadhani unaona jinsi mwalimu aliyeanza usiku kama mlalamishi anavyoweza kuamka akiwa mshukiwa.

Basi mwombe mwendesha mashtaka aje azungumze na walimu, matroni, walinzi na wapishi wako kabla ya kuzungumza na wanafunzi. Awaonyeshe namna ya kufunga eneo la tukio bila kugusa kitu, namna ya kuandika orodha ya vitu vilivyopatikana na majina ya walioviona, na namna ya kuwatenganisha mashahidi ili wasisimuliane habari kabla ya kuandikisha taarifa kwa polisi. Akubaliane nanyi pia ni makosa gani yaripotiwe kituoni papo hapo, na ni utovu gani wa nidhamu ubaki mikononi mwa shule. Mpaka huu ukikosekana, shule moja itampeleka kituoni mtoto aliyeiba sukari, na nyingine itamalizia ofisini shambulio la kisu.

Mahali pa kuanzia pako karibu kuliko unavyodhani. Mahakama za nchi hii zina kamati za watumiaji wa mahakama, zinazotambuliwa na Sheria ya Huduma ya Mahakama ya mwaka 2011, ambamo hakimu, mwendesha mashtaka, polisi, afisa wa watoto na afisa wa urekebishaji tabia hukaa meza moja. Omba kupitia afisa wa elimu wa kaunti ndogo kwamba shule za eneo lenu zipewe nafasi katika ajenda. Utapata watu wote unaowahitaji kwa kikao kimoja.

Niongeze jambo moja ambalo hukuliuliza. Mwongozo wa Viwango vya Usalama wa Shule wa mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje na isifungwe kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Huko Kyanguli, Machakos, mwezi Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yalikuwa na vyuma. Hakuna mashtaka yanayofungua mlango. Ikiwa bodi ina fedha za kufanya jambo moja tu mwaka huu, ianze na kung'oa vyuma.

*Swali: Shikamoo mwandishi. Binti wa jirani yangu yuko kidato cha pili. Ilijulikana kwamba mwalimu mmoja alimtenda vibaya. Wazee walikaa, mwalimu akatoa pesa, na mkuu wa shule akasema mambo yameisha kwa kuwa familia imesamehe. Mimi roho yangu haikutulia. Je, kweli yameisha? — Mama, Kilifi*

Marahaba mama. Hayajaisha, na kwa mujibu wa sheria wazee hao hawakuwa na uwezo wa kuyamaliza. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 kinaweka uamuzi wa kusitisha upelelezi au mashtaka ya kosa la kijinsia juu ya afisi kuu ya mashtaka peke yake, ambayo leo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Si baba wa mtoto anayeamua, si chifu, si mkuu wa shule, wala si mkuu wa kituo cha polisi. Anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20, na aliyemnajisi wa miaka 16 au 17 kifungo kisichopungua miaka 15. Kifungu cha 24 kinamtaja mwalimu waziwazi miongoni mwa wale wanaotumia vibaya nafasi ya kuaminiwa.

Mkuu wa shule naye yuko hatarini. Waraka nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu unamtaka mwalimu anayejua au anayeshuku kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kijinsia aripoti ndani ya saa 24, na anayenyamaza au kuficha huchukuliwa hatua za nidhamu. Unaweza kuripoti wewe mwenyewe, mama, bila idhini ya familia: kwa polisi, kwa afisa wa watoto, kwa Tume, au kwa kupiga simu ya bure 116. Ukienda kituoni, usiondoke bila nambari ya kitabu cha matukio.

Kwa wasomaji wengine ambao kisa kama hiki kinaweza kuwafikia kikiwa kibichi, saa ndizo muhimu. Mtoto apelekwe hospitali kabla ya kuoga, nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi kwa sababu plastiki huozesha ushahidi, na dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianze kabla ya saa 72 kupita. Daktari atajaza fomu ya P3, yaani ripoti ya kitabibu ya polisi. Siku zikiwa zimepita, kama ilivyo kwa jirani yako, usikate tamaa: kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama, katika makosa ya kijinsia, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa pekee ikiwa imeridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu zake.

Hapa ndipo ushirikiano wa shule na afisi ya mashtaka unapostahili jina hilo. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe umri wa mtoto, na mara nyingi karatasi zinazohitajika, kama nakala ya cheti cha kuzaliwa na fomu ya kujiunga na shule, zimo katika kabati la mkuu wa shule. Lazima uonyeshe kwamba mtuhumiwa na mtoto walikuwa mahali pamoja, na rejista ya mahudhurio na ratiba ya zamu za walimu zinasema hayo kuliko kumbukumbu ya mtu. Kisha kuna jambo la kuchosha ambalo halizungumzwi: kesi huahirishwa, mtoto huhamishwa shule, familia huhama, na shahidi mkuu hapatikani tena. Shule inayompa mtoto ruhusa bila maswali, inayomtafutia mwalimu wa kike wa kumsindikiza mahakamani na inayomjulisha mwendesha mashtaka pindi mtoto anapohama, imeisaidia kesi kuliko mikutano kumi ya hadhara.

*Swali: Mwanangu ana miaka 13. Alikutwa na chupa ya petroli karibu na bweni, na shule inasema kwa kuwa ina makubaliano na afisi ya mashtaka, lazima ashtakiwe. Ni kweli atafungwa maisha? — Mzazi, Nakuru*

Kosa la kuteketeza jengo kwa makusudi lina adhabu ya juu ya kifungo cha maisha, na huenda hapo ndipo walipoitoa habari hiyo. Lakini Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa jinai, na yule wa kati ya miaka 12 na 14 huchukuliwa kwamba hawezi kupambanua jema na baya, mpaka mahakama iridhishwe kinyume chake. Mzigo huo ni wa upande wa mashtaka. Makubaliano ya shule hayabadilishi hata neno moja la sheria hiyo.

Kuna pia njia ya kumwondoa mtoto katika mkondo wa mahakama, ambayo uamuzi wake ni wa mwendesha mashtaka. Ushahidi lazima uwe wa kutosha, mtoto akubali kosa bila kushurutishwa, na mzazi aridhie. Badala ya kizimba, mtoto hupewa masharti kama vile ushauri nasaha, kuomba radhi au kulipia hasara. Usimruhusu mtoto aandike chochote shuleni kabla hujafika na kabla hujamwona wakili au afisa wa watoto. Wala usilipuuze jambo lenyewe: msichana aliyekuwa na umri wa miaka 14 wakati wa moto wa shule ya Moi Girls, Nairobi, mwaka 2017, alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia na mwaka 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano.

*Swali: Tunaishi Jersey City, Marekani. Shule ya watoto wetu imetutumia taarifa kwamba ina mkataba na polisi na mwendesha mashtaka. Tumeogopa. Ni nini hiki? — Baba na Mama*

Si jambo lililowalenga ninyi. Jimbo la New Jersey limekuwa na mkataba wa namna moja kati ya elimu na vyombo vya sheria tangu mwaka 1988, na kila wilaya ya shule huupitia kila mwaka pamoja na mwendesha mashtaka wa kaunti, ambaye katika jimbo hilo huteuliwa na gavana badala ya kuchaguliwa kwa kura kama ilivyo katika majimbo mengi. Unaeleza ni mambo gani shule lazima iwaarifu polisi, silaha zikiwa juu ya orodha, na jinsi polisi wanavyopaswa kuingia shuleni. Mwalimu mkuu wa Kitui naye anaweza kuusoma kama mfano kabla ya kuandika wake.

Rekodi za masomo za mtoto zinalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, ingawa ina milango yake ya dharura. Kuhusu mahojiano, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2011, katika kesi ya mvulana wa miaka 13 aliyehojiwa na polisi ndani ya shule huko North Carolina, kwamba umri wa mtoto lazima uzingatiwe katika kuamua kama alikuwa chini ya ulinzi na hivyo alistahili kuelezwa haki zake. Mfundisheni mtoto sentensi moja ya adabu: anataka mzazi wake aitwe kabla hajajibu. Mkataba wenyewe ombeni nakala yake kwa msimamizi wa wilaya ya shule, na kama Kiingereza cha kisheria kinawalemea, ombeni mkalimani wa Kiswahili kwa maandishi. Shule zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinawajibika kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa, na huduma hiyo hamtozwi.