Je, majimbo yalifutwa ili kuokoa taifa changa?

SWALI: Wakili, mwanangu aliye kidato cha tatu amefundishwa kwamba majimbo yalifutwa kwa kuwa Kenya changa ilihitaji serikali kuu yenye nguvu. Kisheria ndivyo ilivyokuwa? – Mzazi, Kakamega

JIBU: Nusu ndivyo, mzazi mwenzangu. Majimbo yalikuwa serikali za mikoa zilizoundwa na katiba ya uhuru. Haja ya serikali kuu yenye nguvu ilikuwepo. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963. Kabla ya mwaka kwisha, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kaskazini Mashariki kwa sababu ya vita vya shifta, wapiganaji waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia. Januari 1964 askari wa kambi ya Lanet wakaasi. Wasomi wa kuendesha ofisi za majimbo saba nao walikuwa wachache.

Lakini soma marekebisho yenyewe. Majimbo hayakufutwa kwa siku moja. Yalinyongwa polepole, na kamba ilikuwa fedha. Sheria Na. 28 ya 1964, ile ile iliyoifanya Kenya jamhuri, iliyanyang'anya vyanzo vyake vya mapato yakabaki kungojea ruzuku ya Nairobi. Kinga ya majimbo ilikuwa Seneti, baraza la pili la Bunge: vifungu vya katiba vilivyolindwa zaidi havikuguswa bila kura za asilimia 90 ya maseneta. KADU ya Ronald Ngala, chama cha upinzani kilichotetea majimbo, ilipojivunja Novemba 1964 na kuingia KANU, chama tawala, kinga hiyo ikaanguka bila hata kusukumwa. Mwaka 1965 kiwango cha kubadili katiba kikashushwa hadi asilimia 65. Seneti ikamezwa na Bunge 1966, na mwaka 1968 masalio ya majimbo yakafagiliwa.

Hapo ndipo somo la shuleni linapopwaya. Kupigana na shifta hakukuhitaji kuvunja Seneti. Serikali kuu inayokusanya kodi, kulinda mipaka na kulipa walimu kila pembe ni jambo moja. Rais asiye na wa kumzuia ni jambo jingine kabisa. Tulidai la kwanza, tukauziwa yote mawili kwa bei moja.

Waandishi wa katiba ya 2010 waliijua ile kamba. Ibara ya 203 inazipa kaunti 47 si chini ya asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Ibara ya 219 inataka mgao huo utumwe bila kukawizwa isivyofaa wala kukatwa. Magavana wakianza tena kulalamikia Hazina, mpe kijana asome hiyo ya 219. Ni sentensi moja tu.