Chumba cha chini, choo karibu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: wazee wasio na uwezo tuwajengee maghorofa ya kupanga kwa bei nafuu, kama ya Marekani, au kuna njia nyingine? Najibu kama mama mwenye nyumba. Nyumba yenyewe ni ya urithi, ipo Ngamiani hapa Tanga: vyumba sita, korido katikati, choo na jiko uani.

Chumba cha pili kushoto anakaa babu mmoja Muha wa Kigoma. Alikuja kijana, manamba, yaani kibarua wa mkataba, enzi za mkoloni, akakata mkonge mpaka mashamba yakaanza kufungwa. Wenyewe twasema Tanga ni waja leo waondoka leo, yeye hakuondoka. Mke amefariki, mtoto hana, na Kigoma hajui tena wa kumpokea. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliitegemea familia kumtunza mzee. Basi familia yake ni sisi wa korido.

Ya Marekani nayasikia kwa binamu yangu anayefanya usafi kwenye jengo kama hilo. Mpango ulianza 1959. Mpangaji awe ametimiza miaka 62 na kipato kidogo. Kodi yake ni kama asilimia 30 ya kipato, serikali inajazia. Mimi nimependa hiyo asilimia, ghorofa lenyewe sikulipenda. Maghorofa ya zamani ya mjini kwetu tunayaona: maji yakikatika, ndoo zinapanda ngazi begani. Mzee wa miaka themanini na ushee ukimweka ghorofa ya tatu umemfunga.

Nilimgusia babu habari ya makazi ya wazee ya serikali, yapo Mwanzange, si mbali. Akanitazama. "Nimekukosea nini, mwanangu?" Sikurudia tena.

Nikamwangalia anavyoishi. Asubuhi yuko barazani na kikombe cha kahawa. Siku asipotokea, muuza kahawa anagonga dirisha, na ndivyo tulivyojua mwaka jana kwamba alikuwa ameanguka usiku akienda choo. Hospitalini dirisha la wazee lipo, na kumwona daktari hatukulipa. Dawa tukaandikiwa tukanunue nje. Tulichanga wapangaji wote, isipokuwa mmoja, na huyo anajijua.

Alipopata nafuu akasuka kamba ya mkonge, akaifunga kutoka bawaba ya mlango wa uani hadi kwenye nguzo ya choo. Ina fundo kila hatua, na pale penye kidato mafundo mawili yamekaribiana, ili mkono ujue kabla ya mguu. Vijana walimcheka. Siku hizi umeme ukikatika nao wanaishika, tena bila aibu.

Kwa hiyo jibu langu: mlipieni mzee chumba alichomo, cha chini, karibu na choo na karibu na watu wanaomjua. Fundi wa kumwekea choo cha kukaa na kushikizia vyuma ukutani ni kazi ya siku mbili. Jirani wa kumfulia na kumpikia apewe chochote, maana sasa hivi mama wa chumba cha nne anafanya hivyo bure, na ana watoto wake. Matajiri wetu nao, badala ya kila mmoja kutaka msikiti wenye jina lake, wangeweza kuweka wakfu chumba kimoja kimoja. Pwani hii wakfu si jambo geni.

Mniulize na mimi natoa nini. Wapangaji wengine wananilipa shilingi 35,000 kwa mwezi. Babu nampokea 15,000, anazitoa kwenye ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na kamba anazouza. Sijifanyi mwema. Kila muhula ada ya shule ikifika nakipigia hesabu kile chumba, na mwanangu mkubwa ameshaniambia kinataka mpangaji wa maana. Pengo ni 20,000. Wenzetu Zanzibar walipoanzisha Pensheni Jamii Aprili 2016, kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 70, walianza na kiasi hichohicho: shilingi 20,000 kwa mwezi.