CBD kwa mbwa mwenye maumivu ya viungo: kipimo, ini na sheria

Safu ya wasomaji: Daktari wa Mifugo Anajibu

Daktari, habari za kazi. Mbwa wangu ni Labrador wa miaka 11, kilo 30. Nyonga zimechakaa, asubuhi huinuka kwa shida na ngazi amezisusa. Anameza kaprofeni, dawa ya maumivu. Dukani nimeuziwa mafuta ya CBD, kile kiambata cha mmea wa bangi kisicholevya, chupa ya ml 30 iliyoandikwa mg 300. Nampa dropa moja kila usiku, mwezi unakwisha na sioni tofauti. Je, nimepigwa? Na je, ni halali?
Baba Imani, San Diego, Marekani

Mafuta yenyewe huenda ni halisi, Baba Imani, ila kwa mbwa wa kilo 30 ni hafifu mno. Piga hesabu. Mg 300 ndani ya ml 30 ni mg 10 kwa kila ml. Dropa iliyojaa hubeba ml 1, kwa hiyo mbwa wako anapata mg 10 kwa siku nzima. Utafiti uliowatia watu moyo, wa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2018, ulitumia mg 2 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12. Kwa mbwa wako hiyo ni mg 60 asubuhi na mg 60 jioni. Wewe unampa sehemu moja ya kumi na mbili, tena mara moja tu, wakati kiasi cha CBD kwenye damu ya mbwa hupungua nusu kila baada ya saa 4 hivi. Ikifika asubuhi sehemu kubwa imekwisha.

Sasa usije ukaanza kummiminia chupa hiyohiyo. Kufikisha mg 60 utahitaji ml 6 kwa mkupuo, na chupa itakuwa tupu asubuhi ya siku ya tatu. Tatizo kubwa kuliko bei ni vitu vinavyoingia pamoja na CBD. Kwanza mafuta: ml 12 za ziada kwa siku zinatosha kumharisha mbwa mzee, na mwenye historia ya ugonjwa wa kongosho zinaweza kumlaza. Pili THC, kile kiambata cha bangi kinacholevya. Bidhaa yenye mchanganyiko mzima wa mmea inaweza kuwa na THC hadi asilimia 0.3. Inaonekana kidogo, lakini ndani ya ml 6 hiyo ni karibu mg 16, na mbwa wa kilo 30 akimeza kiasi hicho anaweza kuanza kuyumba. Mbwa wanadhurika na THC kwa urahisi kuliko sisi.

Ukiamua kuendelea, tafuta mafuta yenye CBD nyingi zaidi, angalau mg 30 kwa ml, yaliyoondolewa THC. Dai cheti cha maabara chenye namba ya toleo ileile iliyo kwenye chupa yako, kisha soma mistari minne: kiasi halisi cha CBD, THC, madini mazito kama risasi, na mabaki ya viuatilifu na viyeyushi. Kisichokuwa na cheti, rudisha rafuni. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, imewahi kupima bidhaa za namna hii na kukuta zilizo na CBD pungufu sana ya iliyoandikwa. Angalia pia usiuziwe mafuta ya mbegu za mmea huo. Hayo ni mafuta ya kula tu, CBD yake ni kama hakuna. Na vile vitafunio vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu usimguse navyo mbwa: vingi vina chokoleti, zabibu kavu au utamu wa xylitol, ambao hushusha sukari ya mbwa ghafla na kuharibu ini.

Anza na mg 0.5 kwa kilo mara mbili kwa siku, pamoja na chakula, maana tumbo tupu hufyonza kidogo. Kwa mbwa wako ni mg 15, yaani nusu ml ya mafuta ya mg 30. Pima kwa sirinji ya ml 1 isiyo na sindano. Alama za dropa hazitabiriki. Baada ya wiki panda hadi mg 1 kwa kilo, kisha mg 2 kama analala vizuri, hatapiki na haharishi. Usizidishe hapo.

Kabla ya dozi ya kwanza, damu ipimwe ini, kisha irudiwe baada ya wiki 4. Katika utafiti wa Cornell kimeng'enya cha ini kiitwacho ALP kilipanda kwa baadhi ya mbwa waliopewa CBD, na jambo hilo limejirudia katika tafiti nyingine. Kwa mbwa wako kuna kikwazo cha ziada: kaprofeni nayo hupita kwenye ini na mara chache huliumiza. Ukiongeza CBD bila kipimo cha awali, ini likileta shida hutajua mkosaji ni nani. Anayemeza fenobabito ya kifafa ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu dawa hizo mbili hugombania njia moja ya kuvunjwa kwenye ini.

Je, inasaidia? Cornell, wakiwa na mbwa 16 waliomaliza utafiti, waliona maumivu yamepungua. Chuo Kikuu cha Colorado State kilitumia mg 2.5 kwa kilo mara mbili kwa siku kwa wiki 6, matokeo yakachapishwa 2021, na hakikuona tofauti kati ya CBD na mafuta matupu. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: CBD ni nyongeza ya kujaribu baada ya uzito, mazoezi na dawa za maumivu kupangwa vizuri. Kuiweka badala ya kaprofeni ni kumtesa mbwa. Na usiamini macho yako peke yake, mwenye mbwa huona nafuu anayoitamani. Mpige video kila Jumapili, mahali palepale na saa ileile, akiinuka kutoka kwenye kilalio na akitembea hatua ishirini. Wiki ya 6 mwonyeshe mtu asiyejua ipi ni ya kwanza. Akishindwa kuzipanga, acha kutupa pesa.

Kuhusu sheria, kitendo chako si kosa. Sheria ya Kilimo ya Marekani ya 2018 iliitoa hempu, yaani bangi yenye THC isiyozidi asilimia 0.3, kwenye orodha ya dawa za kulevya. Lakini FDA haijaidhinisha bidhaa yoyote ya CBD kwa wanyama, ndiyo maana duka halina ruhusa ya kukuambia inatibu viungo. California iko mbele kidogo: tangu sheria ya 2022, daktari wa mifugo anayekupendekezea bidhaa hizi kwa mnyama wako haadhibiwi kwa sababu hiyo tu. Muulize bila woga. Fuatilia pia mabadiliko yaliyosainiwa Novemba 2025 ngazi ya taifa, yanayobana THC katika bidhaa za hempu hadi mg 0.4 kwa chupa nzima baada ya mwaka mmoja wa mpito. Mafuta mengi ya mchanganyiko mzima hayatapita hapo. Yaliyosafishwa THC yana nafasi nzuri zaidi.

Daktari wangu hapa amekataa kuniandikia CBD kwa ajili ya mbwa, na huku duka la mtaani linayauza waziwazi kwa watu. Nikinunua hayo nikampa, kuna ubaya gani?
Mama Salma, Leicester, Uingereza

Ubaya ni kwamba ni kosa kisheria, Mama Salma. Mwezi Septemba 2018 idara ya Uingereza inayosimamia dawa za mifugo, VMD, ilitangaza kuwa CBD kwa mnyama ni dawa ya mifugo, na dawa ya mifugo lazima iwe na kibali. Hakuna iliyopata. Chupa ya dukani imeruhusiwa kwa binadamu. Ikifika kwenye bakuli la mbwa hadhi yake inabadilika.

Daktari wako anayo njia moja: kuandika dawa ya CBD iliyosajiliwa kwa binadamu, pale tu dawa zilizo na kibali kwa mbwa zimeshindwa au hazimfai. Dawa hiyo ni ya kifafa na ni ghali, hivyo usishangae akisita. Muulize kwanza kuhusu bedinvetmab, sindano ya mara moja kwa mwezi inayozuia protini inayochochea maumivu ya viungo. Wapo mbwa walioinuka kwa sindano hiyo. Muulize na madhara pia: Desemba 2024 FDA iliwaandikia madaktari wa Marekani kuhusu taarifa za mbwa walioyumba, waliopata degedege au kulegea miguu baada ya kuchomwa. Mbwa mwenye dalili za mishipa ya fahamu tangu awali achunguzwe kwanza.

Daktari, nina German Shepherd wa ulinzi, kilo 38, miaka 9, miguu ya nyuma inamkokota. Dada yangu yuko Boston na anataka kunitumia CBD kwa posta. Itapita? Jirani naye ananiambia nimpe diklofenaki yake.
Msomaji, Nairobi, Kenya

Mwambie dada asitume. Sheria ya Kenya ya Dawa za Kulevya ya 1994 inaihesabu bangi pamoja na dondoo zake, na kifurushi kitakuwa na jina lako. Kwamba kule Boston kinauzwa kihalali hakutakutoa kituoni.

Diklofenaki ya jirani, hasha. Hiyo na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na wengi huletwa kliniki tayari wanatapika damu. Inayotumika kwa mbwa ni meloksikamu. Kipimo chake ni mg 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, halafu mg 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku. Kwa kilo 38 hiyo ni karibu kidonge kimoja cha mg 7.5 siku ya kwanza, kisha nusu kidonge, baada ya kula. Kidonge cha mg 15 kikimezwa kizima kila siku ni mara nne ya anachohitaji, na kosa hilo hutokea sana kwa sababu vidonge vya watu huja kwa saizi zote mbili. Usianze kabla daktari hajampima figo na ini na kuhakikisha kinachomkokota ni nyonga. Kwa German Shepherd uti wa mgongo nao huleta mwendo huohuo, na hapo meloksikamu haisaidii. Asichanganyiwe na prednisoloni wala aspirini. Akikataa chakula, akitapika au choo kikiwa cheusi kama lami, acha dawa siku hiyohiyo na mpeleke.

Kisha mpime uzito. Mpandishe kwenye mizani ya muuza nafaka, ile ya magunia, usikisie. Mbavu zikitafutwa kwa vidole bila kupatikana, amenenepa. Mbwa mnene akipungua asilimia 6 hadi 8 ya uzito wake kuchechemea hupungua kwa kuonekana. Kwa wako ni kama kilo 3. Punguza ugali kwa sehemu moja ya tano, acha nyama na samaki vibaki, lenga kupungua asilimia 1 kwa wiki. Katika utafiti mmoja wa Labrador 48 waliofuatiliwa maisha yao yote, waliokula robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka 2 zaidi na walichelewa miaka kuhitaji dawa ya viungo. Hakuna chupa ya CBD yenye rekodi hiyo.

Sakafu ya saruji ndiyo adui mwingine wa mbwa wa ulinzi. Weka paleti, juu yake godoro kuukuu ndani ya gunia. Mkate kucha, mtembeze kwenye udongo dakika 10 hadi 15 asubuhi na jioni, na zamu ya usiku ya baridi umpe mbwa kijana.

Shikamoo daktari. Vijana wa hapa wanasema nichemshe majani ya bangi kwenye supu ya mbwa wangu mzee, eti ni dawa ileile ya Wazungu.
Msomaji, Mwanza, Tanzania

Marahaba. Si dawa ileile hata kidogo. Bangi ya mtaani imejaa THC, joto la sufuria huiamsha na mafuta ya supu huibeba hadi kwenye damu. Mbwa aliyekula hivyo huyumba, hujikojolea bila kujua, hushtuka ukimsogezea mkono usoni, na mwili wake hupoa. Ikitokea, mfunike, mweke mahali pa giza na kimya, usimnyweshe chumvi wala maziwa ya kumtapisha kwani aliyelegea hupaliwa, na mkimbize kwa daktari. Mwambie ukweli alichokula. Tiba hubadilika akidhani ni sumu ya panya. Nawe mwenyewe uko chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, ambayo haimsamehi mtu kwa kuwa majani yalikuwa ya mbwa.

Tunarudi Zanzibar Desemba na mbwa wetu, tunapitia Dubai. Mafuta yake ya CBD yana cheti kuwa THC ni sifuri. Tuyabebe?
Familia ya Houston, Marekani

Yaacheni Houston. Falme za Kiarabu zinakataza CBD, cheti cha maabara hakiwasaidii uwanjani, na hata mkivuka hapo sheria ya dawa za kulevya ya Zanzibar inawasubiri. Barua ya daktari wa Marekani nayo haitoshi. CBD ya kipimo cha kawaida inaweza kusimamishwa bila mbwa kupata shida, ila kama anatumia dawa ya kifafa mwambieni daktari kwanza, maana kiwango cha dawa hiyo kwenye damu kinaweza kubadilika. Abadilishiwe dawa ya maumivu wiki 4 kabla ya safari ili muda wa kupima damu uwepo, na vidonge vibaki kwenye kopo la duka la dawa lenye jina la mbwa na kipimo chake.