Kelele za starehe tu?

SWALI: Ndugu mjibu maswali, kaka yangu hafui nguo bila kupiga “Kickstart My Heart”, wimbo wa Mötley Crüe, bendi ya roki ya Marekani. Mimi nasikia mwendo kasi, ulevi na wanawake, basi. Kuna la zaidi?

JIBU: Lipo, tena zito. Mtunzi wake, mpiga besi Nikki Sixx, alizidiwa na heroini mjini Los Angeles Desemba 1987. Mwenyewe husimulia kuwa moyo ulisimama, akazinduliwa kwa sindano za adrenalini. Wimbo ukatoka 1989 katika albamu ya Dr. Feelgood, iliyorekodiwa Vancouver, Kanada, baada ya bendi kuachana na ulevi. Kwa hiyo anayekutambia starehe humo ni mtu mwenye akili timamu! Hapo ndipo ninapoupenda: hautubu, wala haukuhubirii.

Mashairi, kusema kweli, ni ya kawaida. Utamu uko mwanzoni. Ule muungurumo unaodhani ni pikipiki ni gitaa la Mick Mars. Anavuta noti kwa mkono wa tremolo, yaani kijiti cha gitaa kinachopandisha na kushusha sauti ya nyuzi, inapanda kama mtu anayebadili gia, kisha ngoma zinaingia. Mwombe kaka aongeze sauti hapo.